Maziwa ya Mkamwana

Kwa kina Chenge wa Mkolani, mkamwana hakutoka nje ya uzio asubuhi bila kunywa maziwa. Si maziwa ya jana, wala ya kuchemshwa, wala mtindi ambao ulikuwa wa wageni na wa wazee wasio na meno. Yalitakiwa maziwa yaliyokamuliwa dakika ile ile, yana povu na joto la ng'ombe, bakuli zima, na mama mkwe alisimama pale pale akitazama mpaka tone la mwisho. Hivyo ndivyo Bernadeta alivyofanyiwa alipoolewa. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa maneno makali, na kwa miaka kumi na sita hakumwambia hata neno moja la upendo, lakini hakuna asubuhi aliyoacha kumletea bakuli. Bernadeta alijifunza kupendwa kwa njia hiyo, na alipopata mkamwana wake mwenyewe hakujua njia nyingine.

Mkamwana aliitwa Immaculata, binti wa mzee Bagenda wa Bukoba. Alikuwa mwalimu katika shule moja ya msingi kule Mkuyuni, mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa karani wa mahakama. Mumewe, Chenge, alifundisha biolojia katika chuo cha ualimu cha Butimba. Walikutana kwenye kwaya, wakaoana Pasaka ya mwaka sabini na tano, mwaka ule wa njaa ambao nchi nzima ilikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kuulaumu kwa kila kitu. Mzee Bagenda hakuwa amefurahi kumtoa binti yake kwenda kwa Wasukuma, lakini alikuwa muungwana, akatoa baraka zake na kukaa kimya.

Bernadeta alikuwa amezaa wanne na kubaki na mmoja. Ng'ombe nao walikuwa zaidi ya arobaini enzi za marehemu mumewe, kabla ya ukame na kabla ya watu kuhamishwa kwenda kukaa pamoja kijijini. Sasa wamebaki watatu tu. Aliyekuwa akikamuliwa ni mmoja, Sabasaba, aliyezaliwa siku ya sikukuu hiyo na kupewa jina papo hapo. Kwa hiyo ukitaka kujua Immaculata alipewa nini kila asubuhi, alipewa karibu yote yaliyotoka kwenye zizi lile. Bernadeta mwenyewe alibaki na chai ya rangi, na hakumwambia mtu.

Immaculata alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, mayu," kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, akapokea bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Hakukunja uso, wala hakuacha kitu chini. Bernadeta alipokea bakuli tupu na moyo wake ukatulia kwa siku nzima. Hakujua kwamba yule binti, akishapita kona ya kwanza, alianza kutembea haraka, na kwamba kati ya Mkolani na Mkuyuni alikuwa ameshajua kila choo kilichoko karibu na barabara, cha nani hufungwa kwa kufuli na cha nani kina mbwa.

Mwezi wa tano wa ndoa, dalili zikaanza kuonekana. Jioni tumbo la Immaculata lilijaa na kukaza, khanga ikaachia fundo. Alitema mate. Chakula alikichezea kwa vidole. Uso ulipungua, macho yakawa makubwa, na mara kwa mara alisimama katikati ya mazungumzo akaenda nyuma ya nyumba akiwa anajitahidi asikimbie. Bernadeta aliona yote hayo kwa pembe ya jicho, akageukia ukutani ili asionekane anacheka kwa furaha.

Hakuuliza. Mama mkwe wa kwao hamuulizi mkamwana mambo ya tumbo. Mkamwana husema mwenyewe siku akiwa tayari, na anayemtangulia kwa maswali anaitia mimba mkosi. Jirani yake Mastura, mke wa Salehe fundi cherehani, alimwambia wazi kwamba kwao wao mtu huuliza na mbingu haianguki. Bernadeta akamjibu kwamba kila nyumba ina mlango wake. Mastura akanyamaza, na wiki iliyofuata akaleta gauni pana lililoshonwa na mumewe kwa vipande vya vitambaa, akasema litatosha mpaka mwezi wa tisa. Bernadeta alilifungia sandukuni, na kila alipokuwa peke yake alilitoa akalitazama.

Basi akaongeza maziwa. Asubuhi bakuli, jioni bakuli lingine, maana sasa walikuwa wanakunywa wawili. Immaculata aliliona lile bakuli la jioni, akatupia jicho njia ya chooni, akapiga magoti akapokea.

Na Chenge je? Mtu atauliza, na ana haki. Mwalimu wa biolojia, mwenye picha kubwa ya utumbo wa binadamu ukutani darasani kwake, alifundisha matumbo ya watu wote isipokuwa la mkewe. Alirudi jioni amechoka, mara kuna kikao cha tawi, mara kuna zamu ya shamba la pamba la kijiji. Alipomuuliza mkewe mbona unakonda, akaambiwa ni unga wa yanga. Akaukubali unga wa yanga, kama kila mtu. Immaculata hakutaka kumweka katikati ya mama yake na yeye, kwa hiyo alibeba peke yake.

Mwezi Agosti Bernadeta alifanya mtihani wa kisomo cha watu wazima, akafaulu, akapewa cheti chenye jina lake. Alikuwa na miaka hamsini na ushei na hakuwahi kuandika barua maishani. Barua ya kwanza ilibidi iwe ya jambo kubwa. Alikaa nayo siku tatu, ulimi umetoka nje pembeni ya mdomo, na alipomaliza akampa mtu aendaye posta bila kumwonyesha Chenge wala Immaculata. Ilikwenda Bukoba kwa mkwe wake Leonsia, mama yake Immaculata. Ilisema hivi: "Mkwe wangu Leonsia. Sisi hatujambo. Mtoto wetu amebeba. Anakunywa maziwa vizuri asubuhi na jioni. Karibu uone. Ni mimi Bernadeta nimeandika kwa mkono wangu."

Leonsia alifika Jumamosi moja ya mwezi Novemba, meli ya Bukoba ilipotia nanga alfajiri. Kulikuwa bado na ubaridi Bernadeta aliposikia hodi, naye alikuwa njiani kutoka zizini na bakuli mkononi. Mgeni alikuwa na mkungu wa ndizi, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na furushi aliloling'ang'ania kifuani asikubali lipokelewe na mtu yeyote. Wakakumbatiana wale wakwe wawili, maziwa yakamwagika kidogo kwenye khanga ya Leonsia, wakacheka.

"Umefika saa njema, mkwe," Bernadeta alisema. "Utaona kwa macho yako namna tunavyomtunza."

Immaculata alitoka chumbani, akamwona mama yake, akashtuka, akapiga magoti kuwaamkia wote wawili. Bernadeta akamkabidhi bakuli. Leonsia alilitazama bakuli, kisha akamtazama binti yake. Alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, lakini Immaculata alikuwa ameshainamisha kichwa na kunywa, polepole, bila kupumzika, mpaka mwisho. Chenge alitoka nje akiwa na mswaki mdomoni na hakuelewa kwa nini mama mkwe wake amekuja bila taarifa.

Waliketi. Leonsia akalifungua lile furushi kwa heshima. Ndani mlikuwa na kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, laini, iliyopondwa vizuri. Akaitandaza magotini.

Immaculata akauliza ni ya nini.

"Ya kumpokelea mtoto," mama yake alisema. "Nilikupokelea wewe kwa nyingine kama hii."

"Mtoto gani, mama?"

Leonsia alimgeukia Bernadeta. Immaculata alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaelewa, na uso wake ukajaa huruma na aibu kwa pamoja. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna mtoto. Wiki mbili zilizopita alikuwa kwenye siku zake, na mwezi uliotangulia pia. Kisha akashika tumbo, akainuka, akakimbilia nyuma ya nyumba, na safari hii hakujitahidi kuficha kwamba anakimbia.

Leonsia ndiye aliyesema mengine, akiikunja ile lubugo taratibu. Alisema kwamba Immaculata, tangu alipoachishwa ziwa, hajapata kuweza maziwa mabichi hata kijiko. Kwao migombani ng'ombe alifugwa kwa ajili ya samadi. Maziwa walipewa paka na wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hawakupona. Shule ya bweni masista walimjaribu mara mbili, kisha wakamwacha. "Nilipoona umeandika anakunywa vizuri," alimwambia Bernadeta, "nilidhani labda mimba imembadilisha. Mimba hufanya hivyo. Nikafurahi."

Bernadeta aliinuka. Alichukua bakuli tupu akaenda nalo zizini, akakaa huko kutwa nzima. Alikata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa. Alikuwa na hasira, na ni bora isemwe ilivyokuwa: alimkasirikia yule binti kwa kumwacha aote ndoto miezi yote ile. Angesema neno moja tu! Aliikumbuka barua, akalikumbuka gauni lililoko sandukuni, akamkumbuka Mastura, na kila alichokumbuka kilimwaibisha. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi. Mtoto ambaye alikuwa ameshaanza kumtafutia jina hakuwako. Alilia kwa ajili yake, kwapani mwa Sabasaba, ambako hakuna aliyeweza kumwona.

Alasiri Leonsia alimfuata hadi mlango wa zizi. Akasema kwa adabu, kama Wahaya wanavyojua kusema jambo gumu, kwamba Immaculata amedhoofu sana, na kwamba angeomba aondoke naye kesho jioni meli inaporudi, akapumzike nyumbani kidogo, arudishe mwili. Shule ingepewa barua ya ugonjwa.

"Kidogo," Bernadeta alirudia.

"Kidogo tu, mkwe."

Bernadeta alikuwa ameshaona maishani mwake wakamwana kadhaa wakienda kwao kidogo wasirudi. Mzee Bagenda angekuwepo bandarini. Angemtazama binti yake mifupa ya shingo imetokeza, hana mtoto, na asingepandisha sauti, angesema tu apumzike mpaka Krismasi, kisha mpaka Pasaka. Na angekuwa na haki. Bernadeta alijua kwamba asiposema kitu kabla ya kesho jioni atakuwa amempoteza, na mwanawe naye atakuwa amempoteza, na hakujua ni kitu gani cha kusema.

Jua likiwa linashuka Chenge alikuja kumsaidia kukamua. Alikuwa ameongea na mkewe mchana kutwa, macho yake mekundu. Alichuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, akashika kamba ya ndama. Maziwa yakawa yanapiga ndani ya ndoo.

"Kwa nini yamdhuru?" Bernadeta aliuliza. "Maziwa. Chakula kisicho na dhambi."

Chenge akaanza kumweleza, mwanzoni kwa sauti ya darasani, kisha akaiacha. Mtoto wa binadamu yeyote, alisema, akiwa bado ananyonya, tumbo lake linajua kuyasaga maziwa. Akishaachishwa, kwa watu walio wengi duniani, tumbo husahau. Ukimpa tena yanakaa tumboni yanachacha, yanamjaza upepo, yanamharisha. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na madaktari waliowanywesha watu wa makabila mbalimbali maziwa na kuwapima damu, wakakuta wafugaji wengi wanayaweza na wakulima wengi hawayawezi. Si ugonjwa. Binadamu wote wa zamani walikuwa kama Immaculata.

"Mbona sisi hatusahau?"

"Sisi ndio tuliobadilika, mayu."

Akasema kwamba zamani, watu walipoanza kufuga, alizaliwa mtoto mmoja mahali fulani, au wachache, ambao matumbo yao hayakusahau. Hawakufanya jambo jema lolote la kustahili hilo, ilitokea tu. Mvua zikakatika, mtama ukakauka, kilichobaki ni maziwa. Yule aliyeyaweza akaishi, akazaa watoto wa namna yake, nao ukame mwingine ukawakuta wakiwa wengi kidogo. Ikaenda hivyo kizazi baada ya kizazi, miaka elfu kadhaa, ambayo kwa mambo haya ni juzi tu. Kwa kina Bagenda migomba ilitoa ndizi masika na kiangazi. Tumbo lililosahau maziwa halikumpunguzia mtu kitu.

Bernadeta aliendelea kukamua. Alikuwa mtu wa kanisa na alifikiria jambo hili kwa upande huo kwanza. "Kwa hiyo Mungu hajamaliza kutuumba," alisema. "Hata sasa? Na haya magari na sindano?"

"Hata sasa. Kila mtoto anayezaliwa anakuja na kitu kidogo ambacho hakikuwepo. Homa inachagua, chakula kinachagua, na sindano nayo inabadilisha wa kuchaguliwa. Ni polepole mno, hakuna anayeishi muda wa kutosha kuona."

"Na wale wengine?"

"Wepi?"

"Wale ambao matumbo yao yalisahau. Mwaka huo wa ukame, walikwenda wapi?"

Chenge aliizungusha kamba ya ndama mkononi. Darasani hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Walikufa, mayu," alisema. "Wengi wao walikuwa watoto."

Mikono ya Bernadeta ikasimama. Aliwafikiria wanawe watatu waliozikwa kule walikokaa kabla ya kuhamishwa, makaburi ambayo sasa hakuna wa kuyapalilia. Hakuna aliyemwambia walikosa nini ambacho Chenge alikuwa nacho. Homa ilipita nyumbani, ikachukua hawa ikaacha huyu, naye alikuwa amewapenda sawasawa. Sasa alimwona mwanamke mwingine, wa zamani sana, hana hata jina, ameketi nje ya zizi lake mwaka wa njaa na watoto wawili na kibuyu kimoja.

"Yule mama hakujua," alisema. "Aliwapa wote wawili. Mmoja akapata nguvu, mwingine akaharisha. Na huyo anayeharisha akazidi kumpa, maana anadhoofu na yeye anampenda. Alimmaliza kwa mkono wake."

Chenge alimvuta ndama karibu naye.

"Sisi tumetoka kwa yule aliyepona, ndiyo maana tunaringia maziwa. Hakuna aliyetukumbusha yule mwingine." Akajifuta uso kwa kiganja chenye maziwa. "Lakini mimi umeniambia. Mimi sasa najua."

Aliinuka kabla ng'ombe hajaisha kukamuliwa, akamwambia mwanawe amwache ndama anyonye yaliyobaki.

Asubuhi ya Jumapili mkoba wa Immaculata ulikuwa umefungwa, umewekwa karibu na mlango. Leonsia alikuwa ameketi kwenye kigoda, akitafuna punje ya kahawa, hajalala vizuri. Usiku uliopita alimuuliza binti yake zaidi ya mara tatu kwa nini aliyanywa, na binti hakumjibu.

Immaculata akatoka. Hata siku ile, na mkoba umefungwa na kila kitu kimejulikana, alikuja akapiga magoti mahali pake, akasema, "Shikamoo, mayu," akanyoosha mikono miwili na kuinamisha kichwa. Bernadeta alipoiona ile mikono iliyonyooshwa, vifundo vya vidole vimetokeza, hasira yote iliyobaki ikamtoka. Akaweka bakuli mikononi mwake.

Immaculata alilitazama. Lilikuwa na uji wa ulezi, mwekundu, mzito, umesagiwa karanga, unatoa moshi. Ulezi mwaka ule haukupatikana kwa urahisi hata kwa magendo.

"Hakuna tone la maziwa humo," Bernadeta alisema. "Kunywa bila woga."

Immaculata hakunywa. Alishikilia bakuli na machozi yakaanza kumdondoka, na aliposema hakumtazama mama mkwe wake tu, alimtazama na mama yake pia.

"Jana usiku mama uliniuliza kwa nini," alisema. "Kwetu tulikuwa tisa, mama. Hukuwa na nafasi, nami sikulaumu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yangu, mimi peke yangu, akanitazama mpaka nimalize kunywa. Hapa nilisimamiwa kila siku. Niliona nikikataa maziwa, mayu hatakuja tena kusimama."

Leonsia alitafuna ile punje ya kahawa muda mrefu. Hakukana. Chenge, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akatazama nje.

Bernadeta alikuwa na maneno aliyoyaandaa alfajiri akikoroga uji, na yote yakampotea. Akavuta kigoda akakaa, jambo ambalo mama mkwe hakulifanya saa ile tangu nyumba ile iwe nyumba, uso wake ukawa sawa na uso wa yule binti aliyepiga magoti.

"Immaculata mwanangu," alisema, "huu ulezi niliununua siku nilipodhani una mimba. Nikauficha kwenye mtungi, kilo mbili, nikasema ni uji wa mzazi, siku akijifungua ndio nitamkorogea. Nyumba nzima tunakula yanga, wewe unaisha mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa juu ya ulezi namsubiri mjukuu. Tangu siku ile nilikuwa nakuja na bakuli kumlisha mtu ambaye hayupo. Wewe uliyepo sikukuona."

"Mayu..."

"Ngoja nimalize. Ukizaa, tutatafuta ulezi mwingine. Usipozaa, huu ulikuwa wako, na nitakuja kusimama hapa vile vile. Na ukienda na mama yako leo sitakuzuia. Nimesema yangu."

Nje ndama alikuwa akimgonga mama yake kiwele kwa kichwa, ameshiba na bado anataka. Immaculata akainua bakuli akanywa, mwanzoni kwa mazoea, haraka, amekaza shingo kama mtu anayemeza dawa, kisha akasita katikati, akaonja ulimini, na kuanzia hapo akanywa kwa starehe. Bernadeta alimtazama. Leonsia naye aliacha kutafuna, akasogeza kigoda chake karibu, akamtazama.

Alipomaliza, alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Katika miezi saba aliyokaa nyumba ile hakuwa amewahi kuomba kitu chochote, si chumvi, si maji ya kunywa. Sasa alimrudishia mama mkwe wake bakuli, akauliza kama upo mwingine.

"Upo," Bernadeta alisema, akainuka kwenda jikoni, na ilimbidi ashike ukuta kidogo njiani kwa sababu alikuwa haoni vizuri.